KUJIZOEZA VITENZI VYA KIFARANSA KWA SIMU YA MKONONI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaopokea wageni wasemao Kifaransa bandarini, uwanja wa ndege na hotelini wanashauriwa kuzitumia kwa uangalifu programu za simu za kujifunzia lugha hiyo.

Kwa msamiati, programu kama Anki yafaa sana: neno lililosahauliwa hurejeshwa mapema, na lililokumbukwa huakhirishwa kwa muda unaozidi kurefuka. Taabu imo katika vitenzi. Kiswahili humtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi: nazungumza, unazungumza, wanazungumza. Kifaransa hugeuza mwisho: je parle, tu parles, ils parlent. Aliyesoma tasrifu ya Kiarabu chuoni hatastaajabu, ila hapa pana mtego. Miisho hiyo mitatu huandikwa mbalimbali, lakini hutamkwa sawasawa. Mwenye kugusa majibu kwenye kioo tu aweza kupata alama zote, kisha akaikosea barua yake ya kwanza. Basi aandike kwa mkono, na asiliache neno la kumtaja mtendaji, kwani ndilo linalomtambulisha kwa msikilizaji.

Aidha, kwenda na kuja kwa wakati uliopita huchukua être, siyo avoir. Mwanamume huandika je suis allé, mwanamke je suis allée. Simu haijui imeshikwa na nani.

Mazoezi ya tu ni ya jamaa, marafiki na watoto. Afisa wa dirishani ayatangulize ya vous: vous êtes, vous avez, vous voulez.