Kutu ya Chumvi na Salfa: Namna ya Kulinda Pikapu ya Chama

Kwa chama cha msingi chenye gari, pikapu ni miongoni mwa mali zenye thamani kubwa kuliko zote zilizomo katika daftari la mali. Gari hilo husambaza magunia kabla ya msimu wa korosho, hupeleka salfa vijijini, hubeba nyaraka na watumishi kwenda ghala kuu, na pengine humfikisha mgonjwa hospitalini usiku. Fedha iliyolinunua ilitokana na ushuru wa kila kilo ya korosho iliyopimwa kwenye mizani ya chama. Kwa hiyo kila mwanachama ana sehemu yake katika chuma hicho.

Injini ikiharibika, dereva hutoa taarifa siku ile ile, kwa sababu gari halitembei. Kutu haina kelele. Huanza chini ya gari na ndani ya mikunjo ya mabati, mahali ambapo hapaonekani na mtu aliyesimama wima. Inapojitokeza juu ya rangi, aghalabu chuma cha ndani kimekwisha kuliwa. Katika vitabu vya hesabu uchakavu wa gari hukatwa kila mwaka kwa kiwango kilichopangwa, lakini kutu haifuati kiwango hicho. Gari linaweza kuwa na thamani nzuri kwenye mizania, na wakati huo huo mguu wa dereva unakaribia kutoboka sakafuni.

Madhumuni ya makala hii ni kueleza chanzo cha kutu hiyo katika mazingira ya Masasi na Newala, na kazi ambazo chama kinaweza kufanya kwa gharama ndogo ili kuizuia.

KUTU HUTOKEA VIPI

Chuma hushika kutu kinapokutana na hewa na maji kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, kutu haiendelei. Rangi, mafuta na grisi hulinda chuma kwa kutenga vitu hivyo viwili visikifikie.

Chumvi huharakisha kazi hii kwa njia mbili. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Pili, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kulowana yenyewe hewa inapofikia unyevu wa asilimia 75 hivi. Chumvi ghafi ya bahari ina pia magnesiamu, ambayo hulowana katika hewa kavu zaidi ya hiyo. Ndiyo maana mfuko wa chumvi ya majaruba hutoa maji hata kama haukunyeshewa mvua. Chumvi iliyobaki katika mkunjo wa bati hufanya vivyo hivyo, na hulilowesha bati usiku kucha wakati mwenye gari anadhani ni kavu.

Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huvimba, huinua rangi, na kufungua njia ya maji kuingia zaidi. Rangi inayoonekana kufura kama malengelenge ni dalili kwamba chini yake kazi imekwisha anza.

CHUMVI HUFIKA NEWALA KWA NJIA GANI

Baadhi ya wanachama husema kwamba kutu ni tatizo la watu wa Mtwara na Lindi wanaokaa na bahari, si la watu wa uwandani. Ni kweli kwamba upepo wa bahari hupoteza chumvi yake kadiri unavyokwenda bara. Lakini gari halikai mahali pamoja. Kutoka Masasi hadi Mtwara ni safari ya takriban kilometa 200, na pikapu inayokwenda huko kwa shughuli za chama mara nyingi hairudi tupu. Hupakiwa chumvi kutoka majaruba ya pwani, au samaki waliotiwa chumvi, kwa ajili ya duka la chama au la wanachama.

Mzigo huo ndio unaopeleka bahari Newala. Kwa mfano, gari likibeba mifuko 10 ya chumvi ya kilo 50, na sehemu moja tu kati ya elfu ikavuja, nusu kilo ya chumvi imebaki ndani ya gari. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye mifuko na matenga ya samaki huingia katika viungo vya sakafu, hushuka juu ya chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, na kukaa juu ya paipu za breki.

Katika nchi za baridi kali, kama vile Ulaya ya kaskazini, Kanada na kaskazini ya Japani, chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji ili kuyeyusha barafu. Magari ya huko huoza kuanzia chini kwa sababu magurudumu huyarushia maji ya chumvi. Hapa kwetu chumvi hutoka juu, katika mzigo, lakini sehemu zinazoumia ni zile zile. Isitoshe, joto huongeza kasi ya kutu, na Masasi haina miezi ya baridi ya kuipunguza.

SALFA NAYO ISISAHAULIWE

Katika miezi ya kiangazi, mikorosho inapochipua na kutoa maua, wakulima hupuliza salfa ya unga ili kuzuia ubwiriunga. Unga huo hubebwa na pikapu ile ile. Salfa kavu juu ya chuma kikavu haina madhara makubwa, na kwa sababu haiyeyuki katika maji watu hudhani kwamba haiwezi kudhuru. Lakini ikikaa mahali penye unyevu kwa muda mrefu, vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza polepole kuwa asidi, na asidi hiyo hula chuma na rangi pia.

Hatari hutokana na mpangilio wa majira. Salfa humwagika wakati wa kiangazi. Mvua huanza Novemba au Desemba, wakati korosho zinaendelea kukusanywa na gari halina siku ya kupumzika. Unga uliosahauliwa tangu Julai hukutana na maji ya kwanza, yakachanganyika na chumvi na matope. Kwa sababu hiyo Oktoba, kabla ya mvua, ndio mwezi unaofaa kwa usafi mkubwa wa gari la chama.

KUOSHA KWA MAJI MACHACHE

Shauri la kuosha gari mara kwa mara ni rahisi kutolewa pwani. Katika Uwanda wa Makonde maji ni jambo zito. Mradi wa maji wa Makonde huyasukuma kwa mashine kutoka bondeni, kwenye chanzo cha Mitema, na vijiji vingi bado hutegemea visima vya kuvunia maji ya mvua. Hakuna mwanachama atakayekubali gari lioshwe kwa pipa zima wakati watoto wanakwenda mbali na ndoo. Kwa hiyo kazi ifuate utaratibu ufuatao:

1. Kufagia kukiwa kukavu. Mara mzigo wa chumvi au salfa unaposhushwa, sakafu ifagiliwe kabla ya tone lolote la maji kumwagwa. Brashi ndogo itumike kwenye pembe na mikunjo. Kinachotolewa kikiwa kikavu hakihitaji maji. Anayefagia salfa ajifunge kitambaa puani na kukinga macho.

2. Kuzibua matundu. Chini ya milango na katika pembe za sakafu kuna matundu madogo ya kutolea maji. Yakizibwa na udongo, mlango hugeuka kuwa chombo cha kutunza maji. Yazibuliwe kwa kijiti au waya.

3. Kusuuza mara mbili. Nusu kilo ya chumvi huyeyuka katika maji yasiyofika lita mbili. Kuyeyusha, basi, si kazi ngumu. Kazi ni kuyaondoa maji hayo ya chumvi juu ya chuma. Lita 16 zikigawanywa mara mbili, nane kwanza, na nane nyingine baada ya zile za kwanza kuchuruzika, husafisha vizuri kuliko zikimwagwa zote mara moja. Bomba la kupulizia la mgongoni linafaa sana, kwani hufikisha maji juu ya chesisi, ndani ya madigadi na nyuma ya magurudumu. Bomba hilo liwe la kazi hiyo peke yake, liwekewe alama, na lisiwe limewahi kutiwa dawa ya kuua wadudu.

4. Kukausha. Milango na mlango wa nyuma vifunguliwe, mikeka ya mpira itolewe, na gari liegeshwe penye jua na upepo. Mkeka uliorudishwa juu ya bati bichi ni hasara. Kadhalika, lile tandiko la plastiki linalofunika sakafu ya mizigo linyanyuliwe angalau mara moja kila msimu, maana chini yake chumvi na maji hujificha bila kuguswa na jua.

Maji yakikosekana kabisa, ni afadhali kufagia vizuri na kuacha gari likiwa kavu kuliko kulilowesha nusunusu. Na njia bora kuliko zote ni kuzuia: turubai zima litandikwe chini ya mzigo wa chumvi, kingo zake zikunjwe juu, kisha likatikisiwe mbali na gari na mbali na shamba.

RANGI NA MAFUTA

Mchubuko wowote wa rangi urekebishwe ndani ya wiki hiyo hiyo. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, pafutwe, pakauke kabisa, kisha ipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya kawaida, mikono miwili. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika blanketi. Vile vile lami ya kupaka chini ya gari ni kinga nzuri juu ya chuma safi. Juu ya chuma chenye kutu au unyevu hufungia adui ndani.

Mahali ambapo brashi haifiki, kama ndani ya chesisi na milango, papuliziwe mafuta mazito ya kuzuia kutu yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri, mara moja kila mwaka kabla ya mvua. Madereva wengi wamezoea kutumia oili chafu ya injini. Ni kweli kwamba nayo hutenga maji, lakini huharibu mipira, hubeba uchafu na asidi ya injini, na hudondoka ardhini ambako watu huvuna maji. Haifai. Mafuta ya aina yoyote yasiguse diski, pedi wala ngoma za breki, matairi, wala ekzosi.

Paipu za breki zikaguliwe na fundi kila baada ya miezi sita. Paipu ya chuma iliyoliwa na kutu hupasuka pale dereva anapokanyaga kwa nguvu zaidi, na mahali anapokanyaga hivyo ni kwenye mteremko wa kutoka Newala kuelekea Masasi, gari likiwa na mzigo na watu. Katika jambo hili hakuna kuahirisha hadi fedha za msimu zitakapoingia.

WAKATI WA KUNUNUA GARI LILILOTUMIKA

Pikapu nyingi zilizotumika huja kutoka Japani kupitia bandari ya Dar es Salaam. Lililotoka sehemu ya theluji laweza kung'aa juu na kuoza chini. Kabla ya bodi kuidhinisha malipo, fundi asiye na uhusiano na muuzaji alale chini ya gari akiwa na tochi na nyundo ndogo. Chesisi nzima hulia kwa sauti kali. Iliyoliwa hutoa sauti nzito iliyokufa, au magamba hudondoka. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu itiliwe shaka. Sumaku iliyofungwa kitambaa isiposhika kwenye bati la ubavuni, huenda hapo pamezibwa kwa pati na kupakwa rangi.

WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Dereva ndiye anayeshika ufagio, lakini kazi isiyoandikwa haiwezi kukaguliwa. Yafaa katibu aongeze safu mbili katika daftari la safari za gari: moja ya aina ya mzigo uliobebwa, ya pili ya tarehe ya kufagiwa na kusuuzwa, na sahihi ya aliyefanya. Mzigo wa chumvi, samaki au salfa ukionekana bila tarehe ya usafi ndani ya siku mbili, katibu aulize. Bei ya kubeba mizigo hiyo kwa watu binafsi ihesabu pia gharama ya kusafisha. Vinginevyo mwenye chumvi anapata faida na wanachama wanalipia bati.

Kila Oktoba bodi itenge siku moja ya kulikagua gari kwa chini, pamoja na fundi, na taarifa yake isomwe katika mkutano mkuu pamoja na taarifa ya mali nyingine. Bajeti iwe na kifungu kidogo cha rangi, msasa, mafuta ya kuzuia kutu na turubai. Vifaa hivyo vyote haviwezi kulinganishwa na gharama ya kukata na kuchomelea chesisi, kazi ambayo, hata ikifanywa na fundi hodari, hairudishii gari nguvu yake ya kwanza.

Chama kitakachoanza mwaka huu kifanye hivi: katibu atafute tochi, dereva atoe mikeka, na wajumbe wawili wa bodi wainame waangalie chini ya gari. Watakachokiona kiandikwe siku hiyo hiyo.