Shusha Besi, Okoa Masikio!

Jumamosi jioni. Umewasha sabufa, wimbo unaoupenda umeanza, lakini besi inanguruma tu na maneno husikii. Unafanyaje? Unaongeza sauti. Bado. Unaongeza tena. Bibi anahamia nje, jirani anagonga ukuta, na usiku masikio yako yanalia "nziii". Ngoja kwanza! Huenda tatizo siyo sauti ndogo, ni mpangilio.

Chumba nacho kinaimba

Sikio la kijana husikia mitetemo kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, yaani mitetemo kwa sekunde. Besi iko chini, sauti ya mtu katikati, matoazi juu. Sasa, sauti hugonga ukuta na kurudi. Kama kuta mbili zimeachana mita 3.4, besi ya hezi 50 hivi hurudi na kujiongezea nguvu. Ukiweka spika kwenye kona, ndo umeizidishia. Kwa hiyo, anza kwa kuitoa spika konani. Hiyo haina gharama!

Tumia ikwalaiza

Simu nyingi zinayo kwenye mipangilio ya sauti. Utaona vijiti vya kupandisha na kushusha, mara nyingi vitano: 60, 230, 910, 3,600 na 14,000.

1. Weka vyote kwenye sifuri. Cheza wimbo unaoujua vizuri, sauti ya wastani.
2. Besi ikinguruma, shusha 60 au 230 kwa desibeli 3. Sikiliza. Bado? Shusha 3 nyingine.
3. Maneno hayasikiki? Pandisha 910 au 3,600 kwa desibeli 2 au 3, basi.
4. Zima ikwalaiza, iwashe tena, linganisha.

Mbona tunasema shusha kwanza? Kwa sababu kila desibeli 3 unazoongeza zinataka nguvu mara mbili kutoka kwenye amplifaya. Ukiongeza 12 ni mara 16! Sabufa ndogo haiwezi. Itakwaruza, na mwisho spika inaungua.

Spika inanunulika, sikio je?

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele ikiziua, hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima.

Mara nyingi kelele huanza kuharibu usikivu karibu na hezi 4,000. Mtu anaanza kukosa herufi kama s, f na t: anasikia unaongea, ila haelewi unasema nini. Hapo ikwalaiza haimrudishii kitu.

Jipime hivi: kama mwenzako yuko umbali wa mkono na lazima upige kelele ndo akusikie, mziki umezidi. Punguza. Masikio yakilia, yapumzishe mbali na kelele. Yasipotulia baada ya siku moja au mbili, au ukiona husikii vizuri ghafla, nenda kituo cha afya. Usimwagie mafuta wala dawa ya kubahatisha.

Je, umejaribu ikwalaiza nyumbani? Tuandikie utuambie ulishusha kijiti gani, na kama bibi amerudi ndani!