Kijiko cha Monowitz

Supu walipewa, kijiko hawakupewa. Mfungwa mpya katika kambi ya Monowitz, tawi la Auschwitz, ilimbidi ailambe supu yake kama mbwa mpaka apate kijiko, na kijiko kilinunuliwa kwa nusu ya posho ya mkate wa siku. Mgeni aliuziwa ghali zaidi, kama wageni wanavyouziwa popote. Kambi ilipokombolewa Januari 1945, ghalani yalikutwa maelfu ya vijiko vipya vya plastiki, na makumi ya maelfu ya vijiko vya alumini, chuma na fedha vilivyoporwa kwenye mizigo ya watu walioshushwa kwenye treni. Kumbe vijiko vilikuwapo siku zote.

Kisa hiki amekisimulia Primo Levi, mkemia wa Turin, Italia, aliyechanjwa namba 174517 mkononi. Nimekitanguliza kwa sababu watu wengi wanavikwepa vitabu vya manusura wa kambi za Wanazi wakidhani ni damu ukurasa kwa ukurasa. Nami nilidhani hivyo, na kitabu chake cha kwanza, Se questo è un uomo, kilikaa kwangu muda mrefu bila kufunguliwa. Nilipokifungua nilikutana na mtu asiyepaza sauti. Anaeleza namna ya kula mkate huku bakuli limekingwa chini ya kidevu, chembe isipotee. Anaeleza kiatu kinachobana kinavyoweza kumuua mtu: kidonda kinavimba, unachechemea, unabaki nyuma, unapigwa.

Halafu kuna foleni ya supu. Wa mbele wanapata maji matupu, kwa kuwa viazi na kabichi vimelala chini ya pipa, kwa hiyo mjanja anapiga hesabu ya pale upawa utakapoanza kuzama. Aliyesoma shule ya bweni ataijua hesabu hiyo mara moja, kisha ataona haya kwa kuijua.

Humo pia yumo Lorenzo, fundi mwashi Mwitaliano, kibarua asiye mfungwa, ambaye kwa miezi sita alimpelekea Levi kwa siri chakula kila siku na hakutaka malipo. Levi aliamini kuwa ndiye aliyemfanya awe hai.

Dunia haikukimbilia kumsikiliza. Shirika kubwa la uchapishaji la Einaudi lilikikataa kitabu chake. Mwaka 1947 kilitolewa na mchapishaji mdogo, nakala 2,500, na baadhi hazikununuliwa. Zilizobaki ghalani Florence ziliharibiwa na mafuriko ya 1966. Einaudi wenyewe walikuja kukichapisha mwaka 1958. Mfaransa Charlotte Delbo, naye mfungwa wa Auschwitz, aliandika yake mara tu baada ya vita, akayaweka karibu miaka 20 kabla ya kuyatoa. Nadhani ilikuwa hekima kwake, ila sisi wasomaji hatuna cha kujivunia: watu walikuwa wamechoka na vita, wakataka habari za mambo mengine.

Vitabu hivi havisomwi kwa pupa. Sura moja kwa usiku inatosha, na kuna usiku hata hiyo ni nyingi. Ninaporudia cha Levi, huwa nasimama kwenye ile safari ya Februari 1944, watu 650 katika mabehewa ya mizigo kutoka Fossoli, Italia, hadi Auschwitz. Walipofika, wanaume 96 na wanawake 29 waliingizwa kambini. Wengine, zaidi ya 500, siku mbili baadaye hakuna aliyekuwa hai. Miongoni mwao alikuwamo Emilia, mtoto wa miaka 3. Njiani wazazi wake walikuwa wamemwogesha katika beseni, kwa maji ya uvuguvugu ambayo dereva wa treni aliwaruhusu kuyateka kwenye injini. Kitabu kikikushinda, msomaji, usikiweke chini kabla ya kufika hapo.