Tazama Upepo Kwanza

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, kisiwa cha pwani, walikokimbia utumwa wa Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Waembu humtaja Mwenendega, babu yao wa kwanza, na hadithi yake ni ya bara tupu. Lakini Mbwaa ama Mwenendega, leo mtu wa huku akionyeshwa picha ya manowari za matanga zikipigana, macho yake hukimbilia moto na milingoti iliyovunjika. Aanze na upepo.

Mizinga ilipangwa ubavuni mwa merikebu, kwa hiyo ili umpige adui ilibidi umgeuzie ubavu. Aliyekuwa upande wa joshi, upepo unakotoka, ndiye aliyeamua lini wakaribiane, na moshi wa baruti yake ulimwendea mwenzake. Kwa hiyo katika picha nzuri moshi, bendera na matanga hutii upepo mmoja. Mchoraji asiyejua bahari hujifichua hapa: matanga yamejaa upepo wa nyuma, lakini bendera inapepea kuelekea tezi kama ya gari la gavana. Gari huukata upepo. Merikebu inayosukumwa na upepo wa nyuma haiwezi kuupita, kwa hiyo bendera yake huelekea omo.

Willem van de Velde, Mholanzi, alikuwa akiingia vitani kwa mashua ndogo, karatasi mkononi, akichora mapigano yakiendelea. Mwanawe, mwenye jina hilohilo, ndiye aliyekuwa fundi wa rangi za mafuta. Mwaka 1674 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, taifa lililokuwa limetoka kupigana na Uholanzi, aliwapangia pauni 100 kila mmoja kwa mwaka. Ujuzi wa kweli haukuulizwa kabila.

Kwetu, kazi iliyo karibu zaidi na hiyo iko Fort Jesus, Mombasa. Wareno waliokaa ngomeni walichora merikebu kwenye lipu kwa rangi nyeusi ya mkaa na udongo mwekundu. Si picha za kumpendeza mfalme, nami nazipenda kwa sababu hiyo. Huko pia upepo ulihusika: Waomani walipoizingira ngome hiyo, 1696 hadi 1698, msaada kutoka Goa ulitegemea pepo za msimu. Merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyoundwa Bassein, India, mwaka 1681, ilikuja kusaidia ikazama chini ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyopatikana humo vinaonyeshwa kwenye makumbusho ya ngome hiyohiyo.