Mtu Mzima Ajifunzapo Kuelea



Atembeaye Forodhani jioni huwakuta vijana wakicheza makachu. Kijana hurudi nyuma hatua kadhaa, hukimbia, huruka kutoka ukutani, hujipindua hewani, kisha baharini chubwi! Muulize amefanyaje, atacheka tu. Hawezi kueleza, na kutoweza kwake si ujinga. Mwili wake ulijifunza tangu utotoni, na akili imeuachia kazi.

Sasa mfikirie mama wa miaka arobaini, mkaazi wa Paje au Nungwi. Amezaliwa penye mlio wa mawimbi, amelima mwani katika maji ya magoti, lakini kuogelea hajui. Watu wa namna hii kisiwani Unguja si wachache, hasa wanawake. Siku moja anaamua kujifunza. Anaingia maji ya kiuno, na mwalimu anamwambia alale chali. Hapo ndipo akili inapoanza kuuhutubia mwili: inua kiuno, nyoosha miguu, usimeze maji, mkono wa kushoto uko wapi, na wale walioko ufukweni wananicheka? Kabla hotuba haijamalizika, miguu imekwisha kushuka na maji ya chumvi yamo puani.

Husemwa kwamba samaki mkunje angali mbichi, na wengi hulitumia neno hilo kumkatisha tamaa mtu mzima. Kwa maoni yangu linasema nusu tu ya jambo. Ni kweli kwamba mtoto hujifunza kwa wepesi. Lakini mtu mzima huyu hakuzuiwa na ukavu wa mifupa yake. Amezuiwa na kujisimamia kupita kiasi. Katika nchi za baridi, watu wazima wanaojifunza kuteleza juu ya barafu hukutana na taabu hiyo hiyo: wakati wa kuruka ukifika, mawazo kumi hugombania mguu mmoja.

Hebu tuyatazame maji yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, na mtu aliyejaza pumzi mapafuni, kwa kawaida, huwa mwepesi kuliko maji hayo. Basi bahari iko tayari kumbeba. Lakini kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Akikiinua ili aikague miguu yake, uzito ule hauchukuliwi tena na maji, na miguu huzama papo hapo. Tena hofu humfanya apumue kwa vipande vipande, mapafu yasijae. Yaani kule kuiangalia miguu ndiko kunakoizamisha. Wahenga walinena kuwa mfa maji haachi kutapatapa. Nasi tunaweza kuongeza kwamba kutapatapa kwenyewe humwongezea kasi ya kuzama.

Na jambo hili si mchezo wa pwani tu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na miili zaidi ya 200 ikaopolewa. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe. Katika ajali ya kwanza wapo walionusurika kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa yakielea. Kuogelea peke yake hakutoshi katika mkondo mkali wa usiku, wala haisemwi hapa kwamba waliokufa walikosa ujuzi. Lakini mwenye kuweza kutulia juu ya maji kwa dakika kadhaa ana nafasi ya kuliona godoro likipita.

Je, basi tumwambie mwanafunzi aache kufikiri? Ushauri huu hutolewa sana, nao ni mwepesi mno. Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, Sian Beilock, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti juu ya wachezaji wa mpira wa miguu. Wachezaji walikokota mpira kati ya vizuizi, huku wakitakiwa kutaja ni upande gani wa mguu uliougusa mpira. Mafundi wakitumia mguu wao wa kulia, kujichunguza huko kuliwaharibia. Wanagenzi, kinyume chake, walifanya vizuri zaidi. Na mafundi wale wale walipopewa mguu wa kushoto, ambao hawakuuzoea, kujichunguza kuliwafaa. Kwa hiyo mwanafunzi anahitaji kufikiri. Swali ni afikiri nini.

Mwaka 2010 Gabriele Wulf na wenzake walionyesha jambo lingine kwa waogeleaji wa kiwango cha kati. Walioambiwa wayasukume maji nyuma walikwenda kasi zaidi kuliko walioambiwa waivute mikono yao nyuma. Mwendo ni ule ule. Tofauti ni mahali fikra ilipowekwa, katika maji au katika kiungo cha mwili.

Mwalimu mwenye busara hulijua hili hata kama hajasoma kitabu. Hasemi “inua kiuno”. Husema “tazama lile wingu”, na kiuno hupanda chenyewe. Picha alizozipiga Anna Boyiazis huko Unguja mwaka 2016, za wanawake na wasichana waliokuwa wakifundishwa na mradi wa Panje, zinaonyesha wanafunzi wakielea na madumu matupu. Dumu huubeba mwili, bila shaka, lakini huibeba na akili pia, kwa kuwa huipa kitu kimoja cha kushika. Agizo liwe moja kwa kila zoezi. Maswali mengine, nayo huwa mengi, yasubiri mchangani, ambako mtu anaweza kufikiri apendavyo bila kumeza maji.

Wakati nao uchaguliwe. Siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hapa Unguja hukaribia mita 4, na mkondo huwa na nguvu. Mwanagenzi hupata mambo mengi ya kuyaogopa kwa pamoja. Siku za maji mafu bahari ni tulivu zaidi. Hizo ndizo zake, penye kina cha kiuno, pamoja na mtu ajuaye kuogelea, na mbali na vijana wa makachu, ambao kicheko chao hakina ubaya ila humrudishia mwanafunzi ile hotuba.

Siku hizo zikipita, maji mafu yatarejea baada ya wiki mbili hivi. Katika muda huo ajilaze chali mkekani nyumbani, ajaze kifua, aizuie pumzi kidogo, kisha aiachie polepole huku akitazama boriti moja ya dari.