Kumfufua mtoto: mwongozo wa ugenini upimwe nyumbani

Mtoto mdogo akizimia na moyo wake ukasimama, mara nyingi ugonjwa haukuanzia moyoni. Ulianza kwa kukosa hewa au mzunguko wa damu kudhoofika: nimonia, malaria kali, kuharisha kulikomkausha maji, au kuzama. Ndiyo maana kumbonyeza mtoto kifua bila kumpa pumzi ni kazi nusu. Wahudumu wakiwa wawili, hubonyeza mara 15 kisha humpa pumzi 2, kwa kasi ya mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika.

Msingi huo ni uleule Stockholm na Sumbawanga. Mazingira ndiyo hayafanani. Miongozo mingi huandikwa kwa hospitali yenye oksijeni ya uhakika, mashine ya kushtua moyo na chumba cha wagonjwa mahututi. Zahanati ya kijijini usiku inaweza kuwa na muuguzi mmoja tu, na hospitali ya rufaa iko mbali.

Kunakili bila kupima kunaua. Kwa miaka mingi ilielekezwa kwamba mtoto ambaye damu yake haizunguki vizuri atiliwe maji ya dripu haraka. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na kuchapishwa mwaka 2011, ulipindua imani hiyo. Kati ya waliotiliwa maji kwa kasi, takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiotiliwa, asilimia 7.3.

Kwa upande mwingine, mafunzo ya Helping Babies Breathe hayadai mitambo. Mkunga hufundishwa kumkausha mtoto mchanga, kumsisimua na, asipopumua, kumpumulisha kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Katika hospitali nane za Tanzania, vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47.

Akili za kuambiwa, changanya na zako. Wizara za afya zisingoje moyo usimame: mtoto mahututi atambuliwe mlangoni, oksijeni na barakoa za saizi ya watoto zifike hadi zahanati, na wauguzi wafanye mazoezi ya mara kwa mara, si semina moja ya cheti. Na madaktari wetu wakae kwenye meza inakoandikwa miongozo hiyo, wakiwa na takwimu za wodi zao mkononi.