Mnada wa Chai, Sheria ya Ushindani na Vikwazo vya Kiuchumi: Mfano wa Mkulima wa Nyansiongo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Aghalabu methali hii hutajwa panapozungumziwa vita na siasa. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa katika biashara ya kimataifa pia wapo fahali, na kwamba nyasi zinazoumia huweza kuwa majani ya chai.

Nyansiongo ni mji mdogo ulioko Borabu, katika Kaunti ya Nyamira, karibu na mpaka wa Sotik. Ardhi ya huko ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi, na wakati wa kupatikana kwa uhuru iligawiwa wakulima Waafrika kupitia miradi ya makazi. Leo chai ni miongoni mwa mazao makuu ya eneo hilo, na Kiwanda cha Chai cha Nyansiongo ni kimojawapo cha viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na shirika la KTDA.

Mkulima wa huko huchuma majani mawili na chipukizi, akayapeleka katika kituo cha kukusanyia majani, akapimiwa kwa kilo na kuandikiwa. Malipo ya mwezi huyapata, lakini thamani kamili ya jasho lake haijui mpaka bonasi itangazwe. Baina ya kikapu na bonasi kuna mambo mengi: ubora wa majani, gharama za kiwanda, thamani ya shilingi na usimamizi. Sisi tutajihusisha na mawili ambayo hayazungumzwi sana kwa Kiswahili, nayo ni sheria ya ushindani na vikwazo vya kiuchumi. Hoja yetu ni kwamba mambo haya mawili, ijapokuwa husomwa mbalimbali, hukutana mahali pamoja, yaani katika idadi ya wanunuzi wanaoweza kutoa bei mnadani.

Safari ya jani hadi mnadani

Takriban kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Chai hiyo husafirishwa hadi Mombasa, ambako madalali huionja, huikadiria na kuinadi kwa niaba ya viwanda. Mnada huu ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Zamani wanunuzi walikusanyika ukumbini. Siku hizi bei hutolewa kwa mtambo wa kompyuta. Bei hizo hutajwa kwa dola za Marekani.

Wanunuzi wenyewe hununua kwa ajili ya masoko ya mbali. Pakistan ndiyo mnunuzi mkuu wa chai ya Kenya, ikifuatwa na nchi kama vile Misri na Uingereza. Sudan, Urusi na Iran pia zimekuwa miongoni mwa masoko muhimu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Furushi moja la chai limewekwa mnadani na wanunuzi watano wanalihitaji. Kila mmoja anajua kwamba akitaja bei duni mwenziwe atalichukua, hivyo bei hupanda. Iwapo watatu kati yao watajiondoa, wawili wanaosalia hawana sababu ya kuharakisha. Na iwapo wawili hao watapatana faraghani, furushi litauzwa kwa bei waipendayo wao. Katika hali zote tatu chai ni ile ile na jasho la mkulima ni lile lile. Kilichobadilika ni idadi na uhuru wa wanunuzi.

Sheria ya ushindani

Chai na ukiritimba vina historia ndefu. Mwaka 1773 Bunge la Uingereza liliiruhusu kampuni ya East India Company kuuza chai yake moja kwa moja katika makoloni ya Amerika, na Desemba mwaka huo huo wakazi wa Boston waliitupa shehena ya chai baharini. Hadi miaka ya 1830 kampuni hiyo ndiyo iliyohodhi biashara ya chai baina ya China na Uingereza.

Sheria za kisasa za kupambana na ukiritimba ziliimarika nchini Marekani kuanzia mwaka 1890, ilipopitishwa Sheria ya Sherman. Kwa nguvu za sheria hiyo, mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru kampuni ya mafuta ya Standard Oil igawanywe. Nchini Kenya, sheria ya kwanza ya aina hii ilipitishwa mwaka 1988. Ilihusu ukiritimba pamoja na udhibiti wa bei, kwani wakati huo serikali ilikuwa ikipanga bei za bidhaa nyingi. Mahali pake pamechukuliwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, iliyounda Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Sheria hii hufanya kazi kuu nne. Kwanza, hukataza njama za bei baina ya wafanyabiashara wanaopaswa kushindana. Pili, huzuia kampuni kubwa kutumia vibaya ukubwa wake. Tatu, hudai kwamba kampuni zinapotaka kuungana au kununuana, jambo hilo lipimwe kwanza. Nne, tangu marekebisho ya hivi karibuni, hasa ya mwaka 2019, humkinga muuzaji mdogo dhidi ya mnunuzi mwenye nguvu anayechelewesha malipo au kubadili masharti kiholela. Anayepatikana na hatia huweza kutozwa hadi asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Mathalani, mwaka 2023 Mamlaka hiyo iliwatoza watengenezaji tisa wa bidhaa za chuma faini ya takriban shilingi milioni 339 kwa jumla kwa kosa la kupanga bei. Katika kiwango cha kanda, Tume ya Ushindani ya COMESA, yenye makao yake Lilongwe, Malawi, ilianza kazi mwaka 2013.

Umuhimu wa kipengele cha tatu huonekana ng'ambo tu ya mpaka wa Borabu. Mwaka 2023 kampuni ya Browns Investments ya Sri Lanka ilinunua mashamba ya chai ya James Finlay nchini Kenya, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa ingenunua pia yale ya Lipton. Mauzo hayo si dhambi kisheria. Hata hivyo, mashamba makubwa yanapokusanyika chini ya mmiliki mmoja, ni haki ya jirani mwenye ekari moja kuuliza itakuwaje.

Ifahamike kwamba sheria ya ushindani haipangi bei. Hulinda tu mazingira ambamo bei huzaliwa. Tofauti hii ilidhihirika mwaka 2021 serikali ilipoweka bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo ya chai ya viwanda vya KTDA mnadani. Nia ilikuwa njema, lakini baadaye shehena kubwa ya chai ilibaki ghalani bila mnunuzi. Amri huweza kutaja bei. Haiwezi kumleta mnunuzi.

Vikwazo vya kiuchumi

Vikwazo ni hatua ambazo nchi au jumuiya huchukua kukatiza biashara, fedha au usafiri wa nchi nyingine ili kuishurutisha ibadili mwenendo. Siku hizi vikwazo vya fedha ndivyo vyenye makali zaidi. Mwaka 2012 benki nyingi za Iran ziliondolewa katika mtandao wa SWIFT unaotumiwa na benki kupashana taarifa za malipo. Mapatano ya mwaka 2015 yalileta ahueni, lakini Mei 2018 Marekani ilijitoa katika mapatano hayo na kuvirejesha vikwazo vyake mwaka huo huo. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, baadhi ya benki za Urusi pia ziliondolewa katika SWIFT.

Msomaji huenda akauliza: je, chai si chakula, na chakula si kimesamehewa? Naam, vikwazo vya Marekani kwa kawaida huacha mlango wa chakula na dawa ukiwa wazi. Tatizo ni malipo. Bei ya mnada ni ya dola, na dola kwa kawaida hupitia benki zenye uhusiano na New York. Mwaka 2014 benki ya Ufaransa ya BNP Paribas ilikubali kulipa takriban dola bilioni 8.9 kwa kukiuka vikwazo vya Marekani dhidi ya Sudan, Iran na Kuba. Benki iliyoiona adhabu hiyo haingoji kuuliza kama shehena ni ya chai au ya silaha. Hukataa malipo, yakaisha. Hivyo basi biashara isiyokatazwa na sheria hukatazwa na hofu.

Sudan hutupa mfano ulio karibu zaidi. Nchi hiyo iliwekewa vikwazo na Marekani mwaka 1997, vingi vikaondolewa mwaka 2017. Vita vilizuka huko Aprili 2023. Kisha, Machi 2025, serikali ya Sudan ilipiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya, chai ikiwemo, kwa sababu kundi la RSF linalopigana nayo lilikuwa limefanya mikutano Nairobi mwezi uliotangulia. Safari hii Kenya yenyewe ndiyo iliyowekewa kizuizi. Waliokutana Nairobi hawakuwa wachumaji wa chai, lakini marufuku yenyewe iliangukia chai.

Suala la istilahi

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, maneno haya mawili yanastahili kutazamwa kwa makini. Ushindani hutokana na kitenzi shinda kikiwa katika kauli ya kutendana: shindana. Mtu hawezi kushindana peke yake, na soko la mnunuzi mmoja halina ushindani hata kikitungwa kitabu kizima cha sheria. Kikwazo nacho hutokana na kwaa kikiwa katika kauli ya kutendesha: kwaza. Pana anayekwaza na anayekwazwa. Mofolojia ya lugha yetu imeshaieleza dhana ambayo wanauchumi huieleza kwa kurasa nyingi.

Ni jambo la kusikitisha basi kuwa maarifa haya humfikia mkulima, yakimfikia, kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini Sheria ya Ushindani iliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima anayezungumza Ekegusii na Kiswahili anaposomewa sababu za kushuka kwa bonasi, huambiwa tu kuwa soko ni baya. Jibu hilo huenda likawa la kweli. Pia huenda likafunika uzembe wa usimamizi au njama. Mwaka 2025 wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa walilalamika walipopata bonasi ndogo kuliko wenzao wa maeneo ya Mlima Kenya. Wote waliuza katika mnada ule ule, hivyo vikwazo pekee havitoshi kuieleza tofauti hiyo. Asiyekuwa na maneno ya kutenganisha sababu hizi hawezi kuuliza swali linalofaa.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba sheria ya ushindani hulinda wingi na uhuru wa wanunuzi, na kwamba vikwazo hupunguza wingi huo hata pale ambapo havikulenga bidhaa inayohusika. Mkulima wa Nyansiongo hana uwezo wa kuvizuia vikwazo vya Washington au vya Sudan. Anao uwezo, na haki, ya kuuliza katika mkutano wa kiwanda chake: ni wanunuzi wangapi waliotoa bei ya chai yetu, nani alijiondoa, na kwa nini? Ni wajibu wa vyama vya Kiswahili vyuoni kuchangia tafsiri ya sheria hizi kwa lugha inayoeleweka, ili swali hilo liulizwe na lijibiwe kwa Kiswahili. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Lakini ni sharti muuliza awe na lugha ya kuulizia.